Saa Nyingi Kuliko Kilomita: Rekodi za Utando wa Haidrojeni

Mwaka 2021, gari la Toyota Mirai lilijazwa kilo 5.65 za haidrojeni huko California, likaenda kilomita 1,360 bila kujazwa tena. Guinness wakaiandika kuwa rekodi ya dunia. Safari hiyo inastahili pongezi, lakini kwangu kipimo kikuu cha teknolojia hii ni saa ambazo utando mmoja huweza kuishi ndani ya seli inayogeuza haidrojeni kuwa umeme kabla haujatoboka. Utando huo huruhusu protoni za haidrojeni zipite na kuzizuia elektroni, nazo hulazimika kuzunguka kupitia waya, na hapo ndipo umeme unapopatikana.

Utando wa kwanza kusafiri na watu angani ulikuwa kwenye Gemini 5, Agosti 1965. Gordon Cooper na Charles Conrad walikaa huko siku 8, wakitumia umeme wa seli za General Electric. Utando wake ulikuwa wa polistairini, na udhaifu wake ulikuwa maisha mafupi. Mwishoni mwa muongo huo Walther Grot wa DuPont akatengeneza Nafion, plastiki ambayo kaboni yake imefungwa na floraini. Hadi leo utando mwingi ni wa ukoo huo.

Mashindano ya wembamba ndiyo yaliyoleta balaa. Nafion 117 ina unene wa mikromita 180 hivi. Utando wa magari ya sasa umeshuka hadi mikromita 10 hivi, mwembamba mara kadhaa kuliko unywele. Wembamba una faida kubwa, kwa sababu protoni hupita upesi. Lakini gesi nazo hupenya. Haidrojeni na oksijeni zikikutana mahali pasipotakiwa huzaa peroksidi ya haidrojeni, na chembe ndogo tu ya chuma iliyopotelea humo huivunja peroksidi hiyo kuwa radikali za haidroksili.

Hizo ndizo adui mkali kuliko wote. Katika maji, ni vitu vichache mno, floraini ikiwa mbele, vinavyozishinda kwa nguvu ya kupora elektroni. Huanzia kwenye ncha dhaifu za minyororo ya plastiki, zikaimenya kipande baada ya kipande, na floraini iliyong'oka hutoka na maji ya seli. Watafiti hupima floraini hiyo kujua utando umeliwa kiasi gani.

Jaribio la kikatili kuliko yote halihusu kazi ngumu. Seli huwekwa kwenye nyuzi 90, gesi zikiwa na unyevu kidogo tu, bila kuchotwa umeme wowote, kwa saa 500. Kukaa bure huko huua utando haraka, kwa sababu gesi isiyotumika hupenya zaidi na volti hubaki juu.

Ili kuzikabili radikali hizo, utando hutiwa viongezi, na taji la kiongezi bora nampa seriamu bila kusita. Mwaka 2008 Frank Coms na wenzake wa General Motors walieleza jinsi ayoni za seriamu na manganisi zinavyoukinga utando, na Asahi Glass ya Japani nayo ilikuwa imeendesha seli zenye utando ulioimarishwa kwenye nyuzi 120 kwa maelfu ya saa. Ayoni ya seriamu humpa adui elektroni moja, naye hugeuka maji. Kisha peroksidi huirudishia ayoni elektroni iliyopungua, ikawa tayari kupigana tena. Viongezi vingi vya kukinga plastiki huisha vikitumika. Hiki hurudi kazini mara kwa mara, na ndiyo sababu kiasi kidogo hutosha.

Kasoro zake mbili ni za kweli. Kila ayoni hukalia nafasi tatu za protoni, hivyo ikizidi umeme hupungua. Pia haitulii. Maji na volti huisukuma hadi sehemu nyingine zikabaki bila mlinzi. Maabara zinajaribu kuifunga kwenye molekuli kubwa, au kuitia kama punje ndogo za oksidi.

Seriamu ndiyo nyingi kuliko madini adimu yote. Katika ganda la dunia inakaribiana na shaba. Ipo Ngualla, mkoani Songwe, Tanzania, na ipo Gakara nchini Burundi, ambako mishipa ya mawe ni miongoni mwa yenye madini adimu mengi zaidi duniani kwa kila tani. Uchimbaji ulianza upya huko 2017, serikali ikausimamisha 2021. Wachimbaji wa madini haya huwinda neodimiamu ya sumaku, nayo seriamu huuzwa kwa bei ya chini.

Kwa upande wa maisha marefu, mabasi ya haidrojeni ya AC Transit ya Oakland, California, yana heshima yake. Baadhi ya mitambo yake ya seli imepita saa 25,000, karibu miaka mitatu ya kazi usiku na mchana. Kwa magari madogo lengo la mwisho la Wizara ya Nishati ya Marekani ni saa 8,000. Kwa malori ya masafa marefu ni 25,000 ifikapo 2030, kisha 30,000, na lori halina subira ya utando mnene unaokula umeme. Ndiyo maana kazi ya kuituliza seriamu mahali pake haiwezi kungoja.