WASTAAFU WAVUKA MAREKANI KWENDA KUTUNZA MBUGA BILA MSHAHARA

Wahenga walisema tembea uone. Kwetu Kenya, mtu anapostaafu aghalabu hufunga virago vyake vya mjini na kurudi mashambani, akafuga ng'ombe wachache, akapanda migomba na kungoja wajukuu wamjie wakati wa likizo. Huko Marekani kuna wazee ambao hufanya kinyume kabisa. Siku wanapopokea pensheni ya kwanza ndipo safari yao inapoanza. Baadhi yao huuza nyumba waliyoishi miaka 30, wakanunua nyumba nyingine yenye magurudumu, na tangu siku hiyo hawana anwani isipokuwa barabara.

Wengi wa wazee hao hawatembei ovyo. Kila mwaka theluji inapoanza kuyeyuka, hutoka katika majimbo ya joto kama vile Arizona na Florida walikokimbilia baridi, wakavuka nchi nzima kwenda kufanya kazi ya kujitolea katika mbuga za taifa. Hukaa huko miezi mitatu, minne au mitano. Theluji ikirudi, nao hurudi kusini, mithili ya ndege wanaohama kufuata majira.

NYUMBA BARABARANI

Msomaji asidhani ni safari ya mchezo. Barabara kuu nambari 90, iliyo ndefu kuliko zote za aina yake nchini humo, inatoka Boston upande wa mashariki hadi Seattle upande wa magharibi, mwendo wa karibu kilomita 4,900. Anayetoka Boston kwenda Yellowstone ana zaidi ya kilomita 3,700 mbele yake. Atapita Chicago, atavuka mto Mississippi kisha Missouri, na baada ya hapo ataingia katika nyika za South Dakota ambazo mtu huziendesha tangu asubuhi hadi jioni akiona nyasi na mbingu tu.

Gari lenyewe ni kubwa kama basi. Ndani mna kitanda, jiko, friji, choo na bafu, na mara nyingi nyuma hukokotwa gari dogo la kwendea sokoni. Dereva wa chombo kama hicho lazima ajue urefu wake hadi juu ya paa, maana liko daraja lisilopitika. Lazima ajue pia kuteremka milima kwa gia ndogo ili breki zisiungue, na kusimama kando upepo wa nyikani unapovuma kwa ubavu.

Kwa hiyo wazee hawa wana sheria yao ya tatu tatu: usiendeshe zaidi ya maili 300 kwa siku, yaani kilomita 480 hivi, fika unapolala kabla ya saa tisa alasiri, na ukifika, pumzika siku tatu. Akiifuata, mtu wa Boston atakuwa njiani zaidi ya majuma matatu. Wasio na haraka wala fedha za kambi hulala katika viwanja vya magari vya maduka makubwa kama Walmart, ambapo mengi huruhusu msafiri kulala usiku mmoja bure.

KAZI WANAYOIFANYA

Sheria iliyofungua mlango huu ilipitishwa mwaka wa 1970. Iliiruhusu idara ya mbuga za taifa, iliyoundwa mwaka wa 1916, kupokea watu wanaotaka kuitumikia bila mshahara. Leo watu zaidi ya laki moja hujitolea kila mwaka, wengine kwa siku moja tu na wengine kwa msimu mzima.

Anayekubaliwa kwa msimu hupewa mahali pa kuegesha nyumba yake, pamoja na maji, stima na bomba la maji machafu. Yeye naye hutoa saa zake, mara nyingi kama 32 kwa juma. Akiumia kazini, serikali humtibu kama mfanyakazi wake. Na akitimiza saa 250 hupewa kibali cha mwaka mmoja cha kuingia bure katika mbuga zote za taifa.

Kazi inayojulikana zaidi ni ile ya mwenyeji wa kambi. Mzee na mkewe hukaa penye lango la kambi, wakawapokea wageni, wakawaonyesha pa kupiga hema, wakazoa majivu, wakaokota takataka na kuosha vyoo. Wengine hutengeneza vijia, hukaa katika ofisi za kuwaeleza wageni habari za mbuga, au huandika saa za kulipuka kwa chemchemi za maji moto. Chemchemi maarufu ya Old Faithful, iliyoko Yellowstone, hurusha maji juu kila baada ya dakika 90 hivi. Aliyeona maji yakichemka kandokando ya Ziwa Bogoria ataelewa kwa nini watu huvuka nchi kwenda kuitazama.

Hata hivyo, kazi kubwa kuliko zote ni kusema na watu. Yellowstone, mbuga ya taifa ya kwanza nchini humo iliyotengwa mwaka wa 1872, hupokea wageni wapatao milioni 4 kwa mwaka. Kila mmoja anataka picha na bisoni, yule nyati mwenye manyoya wa Marekani. Kanuni yasema mtu asimkaribie bisoni chini ya mita 23, wala dubu au mbwa mwitu chini ya mita 91. Bibi mwenye miaka 70 ndiye humwendea kijana wa mjini na kumwambia kwa upole, "Mwanangu, rudi nyuma." Anayekaidi huweza kurushwa kwa pembe, na hutokea.

NANI ALIPWE?

Lakini wako wanaouliza maswali. Je, mzee akiosha choo bure, kijana aliyetaka kuajiriwa kukiosha ataenda wapi? Kanuni za idara zakataza mtu wa kujitolea kuchukua nafasi ya mfanyakazi. Lakini fedha zinapopungua, mpaka huo huwa mwembamba. Shughuli za serikali ziliposimama kwa siku 35, kuanzia Desemba 2018 hadi Januari 2019, wakazi waliokuwa karibu na mbuga ya Joshua Tree, huko California, walijitolea kusafisha vyoo na kuzoa taka. Walifanya vyema, ila hawakuweza kuwazuia wenye magari walioacha barabara na kuharibu miti. Ulinzi huo unahitaji askari mwenye mamlaka. Mwezi wa Februari 2025, wafanyakazi wa mbuga wapatao 1,000 walifutwa kazi, na swali likarudi upya.

Liko na jambo lingine. Si kila mzee aliye barabarani ameipenda barabara. Kitabu cha mwandishi Jessica Bruder kiitwacho Nomadland, kilichotolewa mwaka wa 2017, kilieleza habari za wazee waliopoteza nyumba na akiba, wakaishi garini wakifuata vibarua vya msimu. Filamu iliyotokana nacho ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka wa 2021, na ndani yake mama mjane aonekana akitunza kambi katika mbuga ya Badlands. Kwa nje, gari la aliyechagua na la aliyelazimika huweza kufanana.

Huenda Mkenya akawahurumia wazee hao kwa kuwa mbali na wajukuu wao. Wenyewe husema katika kambi hizo wamepata jirani wa kula naye chakula cha jioni na kazi inayowaamsha asubuhi, na wengi hurudi mbuga ile ile mwaka hadi mwaka. Mzee hataki kulishwa tu, ataka pia kuhitajiwa. Hilo halina tofauti kati ya Montana na Murang'a. Tofauti ni kwamba kule serikali imemwekea mzee mahali pa kuegesha, ikampa fagio, na kumwambia kuwa mbuga hii ni yake pia.