Kiti kipya katika Land Rover kuukuu: Tangi kwanza

ANAYEFUFUA pikapu kuukuu ya Land Rover ili ibebe ndizi kutoka Nyakoe hadi mjini Kisii huanza na injini. Kiti hukumbukwa mwisho. Hung'olewa katika gari dogo lililokufa, kisha fundi wa jua kali huombwa akichomelee. Hapo ndipo penye hatari.

Katika pikapu nyingi za Series II na III, zilizoundwa kati ya 1958 na 1985, tangi la petroli limo chini ya kiti. Cheche moja yatosha. Wala kumwaga petroli si dawa, kwani tangi tupu hubaki na mvuke, nao ndio unaolipuka. Sharti tangi lenyewe liondolewe na kupelekwa mbali.

Isitoshe, sanduku linalobeba viti hivyo ni la aluminiamu, ambayo haishikani na chuma kwa kuchomelewa. Reli za kiti hufungwa kwa bolti, na chini huwekwa bamba pana la chuma, la sivyo bolti zitalipasua sanduku siku dereva atakapofunga breki ghafla. Baina ya chuma na aluminiamu pawekwe mpira au rangi, maana mvua za Kisii zikipenya hapo, aluminiamu huliwa upesi.

Mkanda nao, uliotiliwa mkazo na kanuni za aliyekuwa Waziri John Michuki kuanzia Februari 2004, ni heri ushikizwe kwenye fremu ya gari.

Mwishowe dereva aketi, akanyage klachi hadi chini. Goti likigusa usukani, reli zishushwe.