Hasira Iliyokaa Kikaoni

Filamu za taharuki zina sharti moja ambalo mtunzi hawezi kulikwepa, nalo ni wakati. Kwani pasipo wakati wa kuvizia, wa kufuata nyayo, wa kubisha hodi mlango baada ya mlango na kurudishwa, mtazamaji hapati ule mpapatiko wa moyo alioulipia kiingilio. Kwa hiyo, filamu inapochukua kisa cha binti anayewindwa na watu wa kwao kwa madai ya kuwa ameivunjia nyumba heshima, hutuonyesha, pengine bila mtunzi wake kukusudia, jambo ambalo mahakamani huchukua siku nyingi kudhihirika: kwamba dhulma ya namna hii haitendwi na mtu aliyepandwa na hamaki ghafla, bali hutendwa na watu waliokwisha kukaa, wakashauriana, wakagawana kazi, kisha wakatoka.

Chukua filamu ya Kihindi iitwayo NH10, iliyoongozwa na Navdeep Singh na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Naichagua hiyo kwa kuwa picha za Kihindi ni wageni wa siku nyingi katika pwani yetu ya kusini mwa Tanzania, na kijana wa Mikindani au wa Msimbati aliyekulia katika mabanda ya video hahitaji mkalimani ili kuelewa kilio cha mama wa Kihindi wala ghadhabu ya kaka mkubwa. Meera, anayeigizwa na Anushka Sharma, yuko safarini na mumewe kwa gari, watu wa mjini wenye mambo yao. Njiani wanamwona kaka akimburuta dada yake pamoja na kijana aliyemwoa kinyume cha ridhaa ya ukoo. Mume anaingilia kati, anapigwa kofi mbele za watu, anashindwa kulimeza kofi lile, anawafuata porini, na huko wanashuhudia mauaji. Tangu hapo wao ndio wanaowindwa. Filamu ilipotoka wengi walikumbuka kesi ya wanandoa wawili wa jimbo la Haryana waliouawa mwaka 2007 kwa kuoana ilhali baraza la kimila lilisema ni wa ukoo mmoja, kesi ambayo jamaa za binti walitiwa hatiani na mahakama ya Karnal mwaka 2010.

Mahali penye uzito mkubwa kuliko pote katika filamu hii si porini. Ni pale Meera, aliyekwisha kukimbilia polisi na kuona ya kuwa polisi nao ni watoto wa desturi ile ile, anapofika kijijini usiku na kuelekezwa kwenye nyumba ya mkuu wa kijiji, naye ni bibi mtu mzima mwenye haiba na amri, anayechezwa na Deepti Naval. Meera anadhani amefika mikononi mwa mama. Kumbe mwenye nyumba ndiye mama mzazi wa yule binti aliyeuawa, na mauaji yale anayajua, na anayaona kuwa ni wajibu uliotimizwa. Basi badala ya kumsitiri mgeni, anamfungia chumbani na kuwaita wanaomtafuta. Nimeona watazamaji wengi wakiusahau mlango huo kwa sababu baada yake Meera anashika nondo na kulipiza kisasi, na banda zima linapiga makofi. Kwa maoni yangu kisasi kile kinaipunguza filamu: kinatupa faraja ya haraka, na kinatusahaulisha kwamba muuaji wa kwanza alikuwa kauli iliyotoka ndani ya nyumba, kwa sauti ya upole, kabla silaha haijashikwa.

Sasa na tuitazame sheria yetu, maana hapo ndipo wengi wanapopotoka. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo asili yake ni ya zama za ukoloni, inasema katika kifungu cha 201 ya kuwa mtu aliyeua katika joto la hasira, kwa kughadhibishwa ghafla, kabla hasira haijapata wasaa wa kupoa, kosa lake hushuka kutoka kuua kwa makusudi, ambako adhabu yake ni kunyongwa, likawa kuua bila kukusudia, ambako jaji ana hiari ya kupima kifungo. Kifungu cha 202 kinaendelea kueleza ni ghadhabu ipi inayotambuliwa. Na hapo kinawataja mume na mke, mzazi na mtoto, kaka na dada, kwa maana ya kwamba tusi au tendo ovu alilofanyiwa mmoja laweza kumghadhibisha mwenziwe aliyepo. Kisha kinaongeza neno ambalo mawakili wa utetezi wamelipenda kwa miaka mingi: kipimo ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa.

Mtu akiyasoma maneno hayo kwa pupa aweza kudhani ya kwamba sheria imewafungulia mlango wale wauao kwa ajili ya sharafu ya ukoo. Kwamba mshtakiwa atasimama kizimbani na kusema, kwetu sisi, jamii yangu, binti akitoroka na mwanamume, mtu wa kawaida hawezi kujizuia. Nasema kwa yakini, dhana hiyo ni batili, na ni batili kwa hoja mbili. Ya kwanza ni wakati. Anayetoka nyumbani kwake alfajiri, akapanda bodaboda hadi Mtwara mjini, akaulizia kwa jamaa, akangoja stendi, akarudi na binti na kumpeleka faraghani, kila hatua aliyoipiga ni ushahidi juu yake, kwa kuwa sheria imekwisha kuhesabu ya kuwa damu ilipata nafasi ya kupoa. Taharuki inayomfurahisha mtazamaji ndiyo inayoibomoa hoja ya hasira. Ya pili ni nzito zaidi, nayo husahauliwa: kifungu hicho hicho cha 202 kinataka tendo lenye kughadhibisha liwe ni tendo la kosa au tusi, na kinasema wazi kwamba tendo halali haliwi kisingizio cha kumshambulia mtu yeyote. Binti mtu mzima aliyemkataa mchumba aliyeletewa, au aliyempenda asiyependwa na wajomba, ametenda kosa gani linalojulikana na sheria? Hakutenda lolote. Maadamu alichokitenda ni halali, mlango wa utetezi umefungwa kabla ya kugongwa.

Tena sheria haimwangalii aliyeshika silaha peke yake. Kwa vifungu vya 22 na 23, anayeshawishi, anayesaidia, anayetoa rai na rai ikatekelezwa, na wale walioungana kwa nia moja, huhesabiwa kuwa wametenda pamoja na mtendaji. Yule bibi wa filamu, kama angalikuwa raia wa Tanzania, asingaliweza kujitetea kwa kusema kuwa mikono yake haina damu.

Msomaji wa Mnazi Bay atauliza kwa haki, haya yanatuhusu nini sisi? Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka 2000 ya kwamba wanawake wapatao 5,000 huuawa duniani kila mwaka kwa jina la heshima ya familia, na nchi zinazotajwa aghalabu ziko mbali na mlango wa Ruvuma. Ni kweli pia kwamba Wamakonde, Wamakua na Wayao wanahesabu nasaba kwa upande wa mama; mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mjomba ndiye mwenye kauli, na unyago humtoa mwali mbele ya watu kwa ngoma na vigelegele, akiwa amekwisha kuelezwa na kungwi wake mambo ya mwili wake, bila kufichwa kama siri ya aibu. Misingi ya namna hiyo haijengi ile sharafu ya Haryana inayoning'inia juu ya mwili wa msichana. Jambo hilo ni la kushukuriwa, na ni la kulindwa.

Lakini kikao kipo. Kikao cha kwetu hakitoi hukumu ya kifo. Hutoa hukumu ya kufunika. Binti wa miaka 15 au 16 ameonekana na mimba. Wazee wanakaa barazani au chini ya mwembe, mjomba upande huu, baba upande ule, na jamaa za mwanamume wamekuja na maneno laini. Yanatajwa mahari, yanatajwa faini ya kuwafuta machozi wazazi, inatajwa siku ya ndoa. Binti mwenyewe yuko uani, anasikia nusu. Akikataa, yamkini atapigwa na kufukuzwa, na akifukuzwa kutoka Msimbati ana njia moja tu ya mchanga ya kumtoa, ipitayo Madimba kwenda mjini, kwani upande mmoja ni bahari na upande wa pili ni mikoko ya Ruvuma. Mambo yakiisha hivyo watu husema yamemalizwa nyumbani. Yamemalizwa kwa nani? Tangu mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana inasema mwanamume aliyelala na msichana wa chini ya miaka 18 amebaka, hata kama msichana aliridhia, na adhabu haipungui miaka 30. Isipokuwa, na hapa ndipo pana ufa, kama msichana huyo ni mkewe aliyefikia miaka 15. Kwa hiyo ndoa ya haraka haifuniki aibu tu, bali hutumika kulivika kosa kanzu ya ndoa. Na kesi iliyokwisha kufika polisi hufa kwa sababu shahidi mkuu hatokei, au anatokea akiwa amekwisha kufundishwa la kusema.

Ufa huo ulichimbwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kwa kifungu cha 13 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na kwa kifungu cha 17 ikaweka idhini mkononi mwa baba kwanza, kisha mama iwapo baba amefariki. Angalia ajabu yake kwa watu wa kusini: katika nchi ambayo ukoo ni wa mama, sheria ilimpa neno la kwanza baba, na mama ikamngojesha mpaka awe mjane. Mahakama Kuu, tarehe 8 Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka vifungu hivyo viwili kuwa kinyume cha Katiba na kuipa Serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo tarehe 23 Oktoba 2019. Mwaka mmoja ule ulipita, na mingine ikaufuata, marekebisho yasije. Uzembe huo ni wa kulaumiwa bila kutafuna maneno, kwa kuwa kila msimu wa likizo unaopita kuna kikao kinachokaa mahali fulani kikiutegemea ufa huo.

Pakistani waliwahi kuwa na ufa unaofanana na wetu kwa namna fulani. Huko ndugu wa marehemu walikuwa na haki ya kumsamehe muuaji. Na muuaji akiwa ni baba au kaka, wenye kusamehe walikuwa ni nyumba ile ile iliyoua, hivyo msamaha ulikuwa sehemu ya njama. Mtengenezaji filamu Sharmeen Obaid-Chinoy alionyesha hali hiyo katika filamu fupi ya kweli, A Girl in the River, juu ya binti aliyepigwa risasi na baba yake na kutupwa mtoni akasalimika, kisha akashurutishwa na jamaa kusamehe. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar Februari 2016, na mwezi Oktoba mwaka huo huo bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kwamba aliyeua kwa jina la heshima atafungwa maisha hata akisamehewa na ndugu. Filamu haikuandika sheria ile, lakini iliwaonyesha wenye kuiandika kile kilichokuwa kikifanyika nyuma ya pazia.

Wako pia wanaoitaja dini, na kwa kuwa pwani yetu ni ya Waislamu kwa wingi, hoja yao isipitwe kimya. Sheria ya Kiislamu, katika kadhia ya heshima ya mwanamke, ilielekeza fimbo upande ambao wengi hawautazamii: anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi bila kuleta mashahidi wanne waliojionea, ndiye anayestahili mapigo 80, na ushahidi wake ukakataliwa. Haikumpa kaka wala baba ruhusa ya kuwa kadhi na mwenye upanga kwa wakati mmoja. Anayeua binti kwa uvumi wa kisimani hana dini ya kujificha nyuma yake.

Na sisi tunayo filamu yetu ya kuweka kando ya NH10, nayo ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa kwa mzee asiyempenda, anatoroka na kurudi kwao, na watu wake mwenyewe wanamfungia mlango kwa kuwa amewatia aibu. Hakuna damu hapo, wala hakuna anayemwinda kwa bunduki. Lakini ukiutazama mlango ule uliofungwa utaona ya kuwa ni ndugu wa mlango wa yule bibi wa Haryana. Tofauti ya visa hivi viwili ni Mwajuma, mwanamke wa kawaida, asiye na cheo wala mali, anayempokea Yasmin na kumpa mahali pa kulala. Kwa Mwajuma taharuki inageuka maisha.

Basi wewe unayeitwa kwenye kikao, mjomba, shangazi, kungwi au jirani mwenye busara, usiende kushuhudia mahari ya mtoto na usitie neno lako katika faini ya kumaliza kesi. Mwambie binti aliyeko uani kwamba kwako pana mkeka, na asubuhi mfuatane naye kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Akiwa hawezi kukufikia, namba ya kupiga simu kwa ajili ya mtoto ni 116, na haina malipo.