Tone Moja la Mafuta: Kuisafisha Kamera Kuukuu Nyumbani

Ikiwa nyumbani kwako imo kamera kuukuu inayosemekana imekufa, yaelekea haikufa. Aghalabu imegandishwa na uchafu tu, na mkono unaoiua kabisa ni ule unaokuja na kichupa cha mafuta. Nayasema haya kwa kuwa mkono huo uliwahi kuwa wangu.

Marehemu baba alikuwa mpigapicha mjini Tanga, naye aliniachia Yashica Mat-124G, aina iliyoundwa Japani kuanzia mwaka 1970 hadi 1986. Hutumia filamu ya namba 120 na kutoa picha 12 za mraba. Katikati ya vioo vya lenzi yake ya milimita 80 mna shata, yaani kilango cha vibao vyembamba vya chuma vinavyopishana, ambacho hufunguka kwa muda uliopimwa: kuanzia sekunde nzima hadi sehemu moja ya mia tano ya sekunde. Nguvu zake zote zatoka katika kamani. Katika mwendo wa pole, vigurudumu vyenye meno, mfano wa vile vya saa, hukichelewesha kilango kisifunge upesi. Ndiyo maana ugonjwa huanza kuonekana katika mwendo huo, hali mwendo wa kasi ungali mzima.

Nilipoirithi, kilango kilikuwa kikisita. Nikatia tone la mafuta ya cherehani. Juma zima ikafanya kazi barabara, nami nikajiona fundi. Kisha nikampiga bibi, mzaa mama, picha zote 12. Filamu iliposafishwa ilikuwa nyeusi tititi: mwanga ulikuwa umeingia kupita kiasi, kwa kuwa kilango kilinata kikiwa wazi. Bibi alifariki kabla ya likizo yangu iliyofuata.

Kosa hilo lilikuwa la kifizikia, nalo ndilo somo ninalofundisha. Weka vipande viwili vya kioo kikavu kimoja juu ya kingine: vyateleza. Tia tone la maji katikati: sasa havitengani ila kwa nguvu, kwa kuwa mvutano wa uso wa kimiminiko umevishika. Vibao vya shata ni vyepesi na kamani yake ni dhaifu, hivyo utandu mwembamba wa mafuta watosha kuvifunga. Tena mafuta hayakai yalipotiwa, hutambaa. Nayo grisi ya kiwandani, ikipatana na hewa kwa miaka 40, huwa nzito kama ulimbo.

Basi dawa ni kuondoa, si kuongeza. Tandika kitambaa cheupe, na kila hatua uipige picha kwa simu. Chagua bisibisi inayokaa sawasawa. Skrubu za msalaba za Kijapani hutofautiana kidogo na zile za kawaida, na bisibisi isiyo yake huzila vichwa. Vioo vya mbele vya lenzi vizungushe kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, usitumie koleo. Chovya pamba kidogo katika petroli nyepesi ijazwayo katika viberiti vya chuma, kisha pangusa vibao taratibu, ukifyatua shata mara kwa mara. Pamba isidondoshe, kwani kimiminiko kikifika kwenye gundi iunganishayo vioo chaweza kuiharibu. Mafuta ya taa hayafai, huacha utandu. Madirisha yawe wazi, na jiko lizimwe.

Kupima, rekodi kwa simu sauti ya shata katika mwendo wa sekunde moja, kisha tazama umbali baina ya mlio wa kufungua na ule wa kufunga. Kamera yangu ilianza na sekunde nne. Baada ya kuipangusa mara tatu ikafikia moja na ushei. (Kwa mwendo wa kasi njia hii haifai, milio huungana.) Ikiwa vigurudumu vyenyewe ndivyo vilivyoganda, mpelekee fundi wa saa.

Limebaki suala la kuvu, adui mkubwa wa pwani yetu. Huota penye unyevu na giza, na asidi zake huula utando wa kioo; alama zikishachimbika, hakuna kitambaa kitakachozifuta. Mfuko wa ngozi hutunza unyevu, kwa hiyo niliutupa, ingawa ulikuwa na jina la baba. Kamera sasa hukaa katika kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vipakiti vya silika, na kila Jumamosi naitoa kuifyatua bila filamu.