Siku Mbili Voi: Hela Iende Wapi?

Kinachomaliza pesa ya mgeni Voi si tiketi ya lango, ni gari. Ndani ya Tsavo Mashariki huruhusiwi kuranda kwa miguu wala kuingia na bodaboda, kwa hiyo asiyekuja na gari lake hana budi kukodi. Na gari hukodishwa kama gari, si kwa kichwa. Tuseme umetajiwa shilingi 12,000 kwa siku. Mkiwa sita, kila mmoja anatoa 2,000. Mkiwa wawili, ni 6,000 kila mtu, na tiketi hamjazigusa.

Kwa hiyo mkiwa wanne au zaidi, ingieni mbugani. Mkiwa wawili na hela ni za kuhesabu, pandeni matatu mwende milimani.

Wa mbugani kwanza. Kabla ya kukubali bei ya gari, muulize dereva kama mafuta yamo, na "siku nzima" yake inaishia saa ngapi, maana kuna ambao siku yao huisha saa nane mchana. Muulize pia nani analipia gari langoni. Gari lina ada yake kulingana na viti, kando na ada za watu, na hapo ndipo wengi hushtukia mkono uko mfukoni tena. Van yenye paa la kufunguka inatosha kabisa kwa barabara za karibu na Lango la Voi. Landkruza ni ghali zaidi, na faida yake utaiona msimu wa mvua tu.

Ada za mbuga hulipwa kwa eCitizen, si kwa noti. Lipa ukiwa mjini kwenye mtandao wa kuaminika, tena angalia viwango siku hiyohiyo, kwa sababu vimekuwa vikibadilika. Raia hulipa kwa kiwango cha shilingi na mgeni wa nje kwa cha dola, na tofauti si ndogo. Beba kitambulisho.

Tiketi ni ya saa 24, lakini kama hulali ndani, zilizo na maana ni zile za asubuhi. Kuwa langoni saa kumi na mbili. Mwamba wa Mudanda na Bwawa la Aruba ziko karibu kiasi cha kutokula mafuta mengi. Maporomoko ya Lugard kwenye mto Galana ni mwendo mrefu, na dereva ataongeza bei. Kama hamna siku nzima, yaacheni. Miezi ya kiangazi ndiyo yenye thamani, wanyama wakikusanyika kwenye maji, ila ukame ukizidi Aruba nayo hukauka, basi uliza mjini kabla ya kulipa. Tembo utawaona tu, wekundu kwa vumbi kama matofali mabichi.

Chemchemi za Mzima, zinazopeleka maji hadi Mombasa, ni nzuri sana. Lakini ziko Tsavo Magharibi, ambayo ni mbuga nyingine yenye tiketi nyingine, na zimekaa upande wa Mtito Andei. Anayetoka Nairobi azipitie njiani. Kuziendea kutoka Voi ni kuchoma mafuta.

Kuna pia hifadhi ya jamii ya Lumo na ile ya binafsi ya Taita Hills, njia ya Taveta. Ni ndogo, mizunguko mifupi, lakini kila moja ina ada yake na gari bado ni lako kutafuta.

Sasa wa matatu. Barabara ya lami ya Voi hadi Taveta hukata kipande cha Tsavo Magharibi baada ya Maktau, na abiria wa barabara kuu halipi ada ya mbuga. Kaa dirishani, mara nyingi punda milia na tembo huonekana kwa nauli tu. Kabla ya Taveta uko mlima Salaita, ambako katika Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani waliwarudisha nyuma Waafrika Kusini tarehe 12 Februari 1916. Hakuna lango wala tiketi. Nenda Jumatano au Jumamosi, siku za soko la Taveta, ndizi ziwe za bei ya mkulima. Ukitaka ziwa Chala, patana na bodaboda kwenda, kusubiri na kurudi kwa bei moja. Ukipatana kwenda tu, kule ziwani yeye ndiye atakayepanga bei.

Kwa siku moja, mimi ningechagua Wundanyi, kwenye milima ya Taita. Matatu hupitia Mwatate kisha hupanda kona kwa kona, joto la Voi likibaki chini. Msitu wa Ngangao una ndege wasiopatikana popote duniani ila kwenye milima hii, na kilele cha Vuria kina mita 2,208, kwa hiyo beba sweta badala ya kununua huko. Mapango yenye mafuvu ya wazee wa Kitaita hayaendewi kienyeji. Tafuta mwenyeji, omba ruhusa, na kubalianeni malipo yake kabla ya kuondoka steji. Chakula ni kimanga cha Kitaita hotelini, na kinashibisha mpaka jioni.

Usafiri wa kufika: treni ya asubuhi ya kaunti kwa kaunti husimama Voi, ile ya moja kwa moja uliza kabla ya kukata tiketi. Stesheni haiko katikati ya mji, weka nauli ya tuktuk. Anayetoka pwani asikimbilie safari ya siku moja inayouzwa ufukweni, kwani atalipia gari kutoka Diani hadi mbugani na kurudi, na saa nzuri za asubuhi zitaishia barabarani. Njoo Voi jioni, lala, kodi gari hapa.

Na ukiwa Wundanyi, muulize makanga saa ya matatu ya mwisho wakati wa kushuka. Jioni gari hungoja lijae, na ukilikosa, utalipa chumba ambacho hakikuwa kwenye bajeti.