Kuku wa Kupaka Katika Nyumba za Tukuyu

Mabibi wengi waliotoka pwani wakaja kukaa Tukuyu husikitika kwamba kuku wa kupaka wamemwacha Tanga au Unguja, kwani mnazi haustahimili baridi ya milima ya Rungwe. Twaona masikitiko hayo hayana haja. Nchi hii ya Wanyakyusa ni nchi ya ng'ombe tangu zamani, na kazi ya tui zito yaweza kufanywa na malai.

Maziwa yachemshwe, kisha yaachwe usiku kucha mahali pa baridi (na Tukuyu baridi haitafutwi!). Asubuhi malai yaenguliwe hata kipatikane kikombe kimoja, yachanganywe na kikombe cha maziwa. Kitunguu kikubwa, kitunguu saumu na tangawizi vitwangwe, vikaangwe kwa mafuta kidogo pamoja na chumvi, bizari ya manjano na pilipili, mpaka harufu ya ubichi iondoke. Ndipo malai yatiwe, moto ukiwa mdogo, na mwiko usipumzike hata rojo liwe zito.

Hapa wengi huharibu. Ndimu ikitiwa sufuria ingali ikitokota, maziwa hukatika yakawa mabonge na maji. Sisi wenyewe tumepata kuwaandalia wageni rojo la namna hiyo siku ya Idi; wakala kwa adabu, nasi tukaona haya. Ndimu, na maziwa mgando kwa ayapendaye, hungoja sufuria iteremshwe.

Kuku aliyechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu achomwe juu ya makaa hata aive, kisha apakwe, arudishwe motoni kidogo, apakwe tena. Rojo lililoguswa na nyama mbichi lisipelekwe mezani.

Moshi wa kuku huyu huvuka ua, na katika Tukuyu jirani pengine si Mwislamu. Mtume wetu (s.a.w.) alimwusia Abu Dharri kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake, awakumbuke jirani. Lakini rojo la kupaka likizidishwa maji halishiki juu ya kuku. Basi kwa chakula hiki yazidishwe malai, na ndizi za kuchoma. Jirani yetu mmoja tulimpelekea sahani, akairudisha jioni ikiwa na maparachichi matatu, na tangu siku hiyo mwanawe huja kutuuliza tutachoma lini tena.