Ziwa Linavyotaja Wakazi Wake

Samaki hapiti majini bila kuacha kitu: ute wa ngozi, magamba, kinyesi, mayai. Ndani ya mabaki hayo mna vinasaba, yaani DNA, na watafiti hivi sasa huvitumia kuwatambua wakazi wa ziwa bila kutupa wavu. Mwaka 2008 huko Ufaransa, chura mkubwa mvamizi kutoka Amerika Kaskazini alitambuliwa mabwawani kwa kupima maji tu, na tangu hapo njia hii ya vinasaba vya mazingira imeenea duniani.

Kazi yenyewe haina maajabu. Lita moja au mbili za maji hupitishwa kwenye chujio lenye matundu yasiyoonekana kwa macho. Maabara hutoa vinasaba vilivyonasa, hunakili kipande kimoja mara mamilioni, hukisoma, kisha hukilinganisha na maktaba ya vinasaba vya spishi zinazojulikana.

Kwenye maktaba hiyo ndiko kwenye shughuli. Chukua Ziwa Tanganyika. Lina spishi zaidi ya 200 za sikilidi, jamii ya kina sato na perege, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Nyingi hukaa miambani, ambako wavu hunasa na kuchanika, na mpiga mbizi huhesabu wale tu anaowaona. Watafiti waliochapisha matokeo ya kupima maji ya ziwa hilo mwaka 2020 ilibidi wajijengee maktaba yao ya sikilidi, kwani zilizokuwepo zilikuwa na mapengo. Wapo pia samaki wenye udugu wa karibu mno, kiasi kwamba kipande kimoja cha DNA hakiwatenganishi. Kwa hiyo ukionyeshwa orodha ya spishi iliyotokana na maji, uliza kwanza imelinganishwa na maktaba gani. Asiyetajwa huenda yumo ziwani, ila hajaandikishwa.

Faida kubwa, kwa maoni yangu, iko katika kurudia. Tope linaloteremka kutoka vilima vilivyofyekwa miti hufunika miamba ya ufukweni, na aina za samaki hupungua. Maji yakichotwa palepale msimu baada ya msimu, kwa utaratibu uleule, tutaona nani anaanza kukosekana mapema kuliko tungeona kwa macho.

Lakini vinasaba havina anwani. Maji ya kando ya mwalo yatamtaja mgebuka aliyevuliwa mbali akaja kuoshwa pale. Mto nao huleta vya juu huko. Angalau jua na joto huviharibu ndani ya siku au wiki chache, hivyo vinavyopatikana huwa vya karibuni. Mchotaji asiyevaa glavu anaweza kuchafua sampuli nzima, ndiyo maana chupa ya maji safi hupimwa sambamba na nyingine: ikitoa samaki, kazi hurudiwa.

Tena havisemi kama samaki ni mchanga au mzee, wala kama amekonda. Majibu hayo bado yanatafutwa mwaloni, kwa mizani na rula, na sioni sababu ya kupunguza bajeti ya kazi hiyo.